Nani Ana Ruhusa ya Kubadili Ramani?

Kijana anayetaka kuunda eropleni ndogo ya mbao, ile irukayo kweli na kuongozwa kwa redio na mtu aliye chini, huanza kazi yake kwa karatasi. Huitandaza ramani juu ya ubao ulionyooka, huifunika kwa nailoni nyembamba ili gundi isiishike, kisha huweka kila kijiti juu ya mstari wake na kukishikiza kwa pini mpaka gundi ikauke. Ubavu baada ya ubavu, bawa hupata umbo. Halafu mkia, halafu kiwiliwili. Kazi hiyo yaweza kuchukua majuma mengi. Muda wote huo mikono ni ya kijana, lakini fikira anazozifuata ni za mtu mwingine, ambaye pengine hatamwona maisha yake yote.

Leo twataka kuwauliza wasomaji wetu swali moja juu ya kazi hiyo, nalo si swali la watoto. Mtu aliyepokea ramani kutoka kwa mwenziwe, je, ana ruhusa ya kuibadili? Na kama anayo, aibadili wapi, na wapi asiiguse?

Na tumfikirie kijana huyo kuwa anakaa Guta, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, wilayani Bunda. Ramani yake yamwagiza atumie mbao za balsa. Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na ya Kusini, na nyingi iuzwayo duniani yatoka nchi ya Ekuador. Sifa yake ni wepesi: maji ya ujazo wa mita moja yana uzito wa kilo 1,000, lakini balsa kavu ya ujazo huo huo huwa na kilo 160 hivi tu. Guta hakuna balsa. Lakini katika kingo za Ziwa Victoria huota mti mwingine, wenye mbao laini na nyepesi ajabu, ambao tangu zamani wavuvi wameukata kufanya maboya ya nyavu zao. Je, kijana autumie huo?

Mwenye kushika kila neno la ramani kama lilivyoandikwa atasema, “Hasha! Imeandikwa balsa.” Lakini yafaa tujiulize: mchoraji aliandika balsa kwa sababu gani? Si kwa kuwa aliipenda Ekuador. Alitaka mbao iliyo nyepesi, na pamoja na wepesi wake iwe na nguvu ya kutosha kubeba bawa. Basi kijana akiupima mti wa ziwani kipande kwa kipande, akaona ni mwepesi kama inavyotakiwa. Na pale ambapo nguvu yake ni haba akauongeza unene, huku akichunga uzito usizidi. Huyo ameliacha neno la ramani, lakini ameishika nia ya aliyeichora.

Sasa na tutazame jambo la pili. Ramani yaonyesha kwamba mabawa yasilale sawasawa, bali ncha zake ziinuke juu kidogo, mfano wa mikono ya mtu anayetaka kupokea mzigo. Kijana aona umbo hilo halipendezi, tena lamwongezea kazi. Aamua kuyanyoosha. Machoni pa rafiki zake ndege yake ni nzuri kuliko ile ya kwenye karatasi. Kumbe ndege ya namna hii, isiyo na vibawa vya kuilaza upande, huongozwa kwa usukani wa mkia tu. Kule kuinuka kwa mabawa ndiko kunakoifanya ilale ipasavyo inapopinda, na ndiko kunakoirudisha sawa upepo unapoiyumbisha. Mabawa yakinyooshwa, kijana atatoa amri kwa redio, pua itageuka, lakini ndege itateleza upande bila kupinda vema. Nayo ikiinamishwa na upepo, haitainuka yenyewe. Majuma mengi ya kazi yatavunjika katika dakika moja.

Basi tupime mabadiliko hayo mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, maana aliibadili mbao ya ndege nzima. Hata hivyo lilikuwa halali. La pili lilikuwa dogo, kiasi cha upana wa vidole vichache. Nalo likaiharibu kazi yote. Ni wazi kwamba ubaya wa badiliko haupimwi kwa ukubwa wake machoni petu, bali kwa sababu ya amri iliyobadilishwa. Mwenye kuijua sababu hiyo aweza kulibadili neno pasipo kuivunja nia. Asiyeijua hana macho ya kutambua kama aondoa pambo au aondoa nguzo ya nyumba.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilieleza jambo hili kwa mfano wa amana. Sheria yasema kwamba kitu ulichowekewa sharti umrudishie mwenyewe. Lakini mtu aliyekuwekea upanga akija kuudai hali ameshikwa na wazimu, ni vibaya kumrudishia. Anayeuzuia upanga siku ile haidharau sheria ya amana. Aifahamu kuliko yule anayeutoa kwa kuwa tu umedaiwa. Lakini ole wake mtu azuiaye mali ya mwenziwe kwa tamaa, kisha ajitetee kwa mfano huo! Kwa nje wote wawili wamekataa kurudisha amana. Kwa ndani hawafanani hata kidogo.

Hapo pengine msomaji atauliza: “Je, kila nisiloelewa nisilitii?” La, mambo ni kinyume chake. Kutokuelewa ni sababu ya kuishika ramani, si ruhusa ya kuiacha. Asiyejua kwa nini mabawa yameinuliwa na ayainue kama alivyoelekezwa, na huku aendelee kuuliza. Utii wa namna hiyo si utumwa, maana mtumwa haulizi kitu.

Mwingine atasema kwamba hata wachoraji hukosea, na kwamba pasipo watu waliothubutu kubadili, eropleni ya kwanza isingaliruka. Ni kweli. Lakini tutazame jinsi kijana mwenye busara anavyothubutu. Ramani ina alama mahali pa mizani, kama robo au theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Kabla ya kuirusha ndege, huiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya alama ile. Mkia ukizama, hairushi. Huongeza kipande cha risasi puani, au husogeza betri mbele, kisha hupima tena. Halafu huijaribu juu ya majani marefu, mbali na watu. Akiwa amekosea, hasara ni yake mwenyewe: mbao, gundi, na usiku aliokesha.

Hiyo ndiyo haki ya mtu mwenye kujaribu, nayo ndipo inapokoma. Mwaka 2018 maji ya upande huu wa ziwa yalituonyesha mambo mawili. Katika mwaka huo ilitangazwa kwamba ndege ndogo isiyo na rubani imefaulu katika majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Wale walioifanya kazi hiyo walibadili desturi ya usafirishaji, lakini walijaribu kwanza pasipo kuweka mtu ndani. Na tarehe 20 Septemba ya mwaka huo huo, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliandikiwa kubeba abiria 101. Siku hiyo kilibeba watu zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, na waliokufa walizidi 200. Namba 101 ilikuwa mstari wa ramani. Aliyeuvuka mstari huo hakuweka rehani mbao na gundi. Aliweka rehani roho za akina mama waliotoka gulioni, nao hawakuulizwa.

Kwa hiyo hatusemi kwamba vijana wanaokesha na vijiti na msasa wanapoteza wakati. Mtoto aliyejifunza mapema kwamba hewa haidanganywi kwa rangi nzuri, na kwamba alama ndogo kwenye karatasi yaweza kuwa na sababu kubwa, ataikumbuka alama hiyo siku atakapokabidhiwa usukani wa kivuko, au sanduku la fedha za kijiji.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Tumewapa watoto ramani nyingi: desturi za nyumba, heshima kwa wakubwa, mahari, malezi. Wazee husema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini mara ngapi twawapa watoto mstari pasipo kuwapa sababu? Mahari ilikusudiwa kuziunganisha nyumba mbili. Tukiipigania kama bei ya sokoni, idadi ya ng'ombe yaweza kubaki ile ile, na nia yake imekwisha kufa. Mtoto aliyeambiwa tu “ndivyo tufanyavyo” atatii maadamu tunamtazama. Siku tutakapoondoka atataka kubadili, na kwa kuwa hajui nguzo ni ipi na pambo ni lipi, aweza kushika pambo na kuikata nguzo.

Basi mtoto anapouliza “kwa nini?”, tusimkemee kama mkaidi. Tukiijua sababu, tumweleze. Na kama sisi wenyewe hatuijui, tuungame hivyo mbele yake, kisha twende pamoja naye kuwauliza waliotutangulia, wangali hai.