Chakula cha Mtoto Hakingoji Ninyi Mpatane



Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, tunasoma habari za baba mmoja aliyeamka asubuhi na mapema, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akampa mama wa mtoto wake, kisha akawaondoa wote wawili nyumbani. Baba huyo ni Abrahamu, mtu wa imani. Mama ni Hagari na mtoto ni Ishmaeli. Walitangatanga katika jangwa la Beer-sheba hata maji yakaisha. Hapo mama akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa.

Abrahamu hakuwa maskini. Alikuwa na kondoo, ng'ombe, ngamia na watumishi. Lakini mtoto wake alitoka na kiriba kimoja cha maji. Najua kuna msomaji atakayenijibu kwamba Mungu mwenyewe alimwahidi Abrahamu kumtunza kijana yule na kumfanya taifa. Ni kweli. Lakini wewe uliyehama nyumba ukapanga chumba Ahero au Kisumu mjini, hukuahidiwa hivyo na malaika yeyote. Wewe umetumiwa ujumbe kwamba karo ya muhula haijalipwa.

Huenda mkajiuliza kwa nini nawaandikia jambo hili ninyi mlio katika ndoa, ambao Jumapili mnakuja kanisani mkiwa wawili. Nawaandikia kwa sababu sisi ndio tunaoombwa mashauri. Binti akirudi kwao na watoto wawili na begi, anafika kwa mama yake. Kijana akigombana na mkewe, anakwenda kwa msimamizi wake wa ndoa. Na mashauri tunayotoa mara nyingi ni mabaya. Tunasema, "Mwachie watoto, aone taabu yake." Au, "Usipeleke hata senti mpaka akuruhusu uwaone." Nimeyasikia maneno hayo katika mikutano ya jumuiya, na waliosema walikuwa wazazi wenye rozari mkononi.

Angalieni tena lile andiko. Hagari alilia kwa sauti, lakini Biblia inasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya mtoto. Malaika hakumwuliza Hagari ni nani aliyemkosea mwenzake kule hemani kwa Sara. Aliangalia kiu ya mtoto.

Sheria ya nchi yetu ya Kenya siku hizi inafanya vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumpatia mahitaji yake, wawe wameoana au hawajaoana. Kifungu hicho kinaongeza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa yake ndiyo ya kwanza. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo.

Haikuwa hivi siku zote. Wazee wetu watakumbuka kwamba kulikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo. Bunge liliifuta mwaka 1969. (Bunge la wakati ule lilikuwa la wanaume watupu; nasema tu.) Sheria ya 2001 ilipokuja, bado ilimwachia mama mzigo wa kwanza kama hawakuoana, mpaka baba amkubali mtoto au awe ameishi na mama kwa miezi kumi na miwili. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Kwa hiyo ndugu yangu unayesema, "Huyo si mke wangu, tulikutana tu," neno hilo halikusaidii tena. Kama unakana kabisa kwamba mtoto ni wako, mahakama inaweza kuagiza mpimwe damu, na kipimo hakijui kusema uongo.

Sasa niyajibu maswali ambayo huulizwa mara kwa mara, hasa baada ya misa, mtu akikuvuta pembeni karibu na ukuta wa kanisa.

La kwanza ni la akina mama, nalo linaulizwa kwa sauti ya chini: "Mwalimu, je, ni dhambi kumpeleka mume wangu kortini?" Wanakumbuka Mtakatifu Paulo alivyowakemea Wakorintho waliokuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu. Paulo alikuwa akiwaonya watu waliogombania mambo yao wenyewe, akawaambia ni afadhali wakubali kudhulumiwa. Hilo ni shauri jema kwako kama deni ni lako. Mumeo akikutukana, unaweza kusamehe. Akiuza ng'ombe wako, unaweza kusamehe. Lakini unga wa mtoto, viatu vyake na dawa yake ya malaria si mali yako, na deni ambalo si lako huna ruhusa ya kulisamehe. Paulo huyohuyo alimwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani, tena amekuwa mbaya kuliko asiyeamini.

Kanisa halikunyamaza juu ya hili. Sheria ya Kanisa, kanoni ya 1154, inadai kwamba wenzi wakitengana, lazima yaandaliwe matunzo na elimu ya watoto. Na tujue pia kwamba kudai matunzo hakuhitaji talaka. Unaweza kwenda mahakama ya watoto ukiwa bado mke wake au mume wake wa ndoa takatifu, pete ikiwa kidoleni. Hata pale ambapo talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda watoto au haki za urithi, Katekisimu, namba 2383, inasema inaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili. Ndoa yenu mbele ya Mungu inabaki palepale. Na aliyetengana na mwenzake, akaishi bila kuoa au kuolewa tena, hazuiliwi Ekaristi kwa sababu ya kutengana huko. Nasema hivi kwa sababu wapo akina mama wanaokaa benchi la nyuma miaka mingi, hawakomuniki, kwa sababu tu jirani aliwaambia wamejifukuza wenyewe. Mwendee padre wako, usimwendee jirani.

Swali la pili ni la pande zote: nani atakaa na watoto? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mila zetu za Kiluo zinapogongana na sheria. Sisi tunajua kwamba ng'ombe wa mahari wakishafika kwa wakwe, watoto ni wa ukoo wa baba. Mzee mmoja aliniambia, "Ng'ombe wangu walikwenda, kwa hiyo wajukuu wanarudi." Namheshimu, lakini Katiba inasema mila inayopingana nayo haina nguvu. Mahakama huangalia mila za jamii, huangalia hata dini aliyolelewa mtoto, lakini haiwezi kumhesabu mtoto kama faida ya ng'ombe. Inauliza mtoto ataishi wapi kwa usalama, nani amekuwa akimlea, kama ameumizwa na yeyote, na kama amefikia umri wa kujieleza, yeye mwenyewe anasemaje.

Kwa miaka mingi majaji wetu wamekuwa wakimwachia mama mtoto aliye mdogo, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kutofanya hivyo. Lakini mama asidhani kwamba hiyo ni hati ya kumiliki mtoto. Na baba asidhani kwamba ameshindwa kabla ya kuanza. Wapo wababa waliopewa watoto, na hapo mama naye huagizwa kuchangia matunzo kwa kadiri ya mapato yake. Tena kuna ulezi wa aina mbili. Upo wa kila siku, yaani mtoto analala wapi, nani anampeleka shule. Na upo wa kuamua mambo makubwa, kama shule gani, matibabu gani, dini gani. Mara nyingi mahakama humpa mzazi mmoja ule wa kwanza, na ule wa pili ikawaachia wote wawili. Ndiyo maana aliyebaki na mtoto hana ruhusa ya kumfuta mwenzake katika maisha ya mtoto.

Na yule mtoto aliyeletwa na mama katika ndoa, ambaye vijijini wanamwita kimirwa? Baba yake mzazi bado ana wajibu juu yake. Na wewe baba wa kambo uliyemkubali akiwa mdogo, akakuita baba, usimgeuze mgeni siku mnapogombana na mama yake.

Swali la tatu ni la fedha: "Nitalipa kiasi gani?" Hakuna bei iliyoandikwa katika sheria. Hakimu huangalia mapato ya wazazi wote wawili, mali yao, uwezo wao wa kufanya kazi, na mahitaji ya mtoto. Utaulizwa kwa kiapo unapata kiasi gani, na hapa wanaume wengi huingia dhambi ya pili kwa kuficha ya kwanza. Mtu ana pikipiki mbili za boda boda na ekari tatu za miwa, lakini mbele ya hakimu anakuwa kibarua asiye na kitu. Umeshika Biblia mkononi ukasema hayo! Kwa upande mwingine, mama naye asiandike karatasi ya mahitaji yenye saluni yake na kodi ya nyumba ya dada yake. Matunzo ni ya mtoto.

Si lazima kila kitu kiwe fedha za mkononi za kila mwezi. Mmoja anaweza kubeba karo na bima ya afya, mwingine chakula na mavazi. Mkulima wa miwa hapa kwetu hulipwa miwa ikishavunwa, tena kwa kuchelewa. Mkulima wa mpunga wa Ahero naye ana msimu wake. Mkiandika mapatano, yaandikeni kwa kufuata kalenda ya mapato yenu, kuliko kuahidi kila mwisho wa mwezi jambo ambalo mnajua halitatimia. Lililoandikwa na kupelekwa mahakamani likakubaliwa, linakuwa amri. Asiyetii amri anaweza kukatwa mshahara kazini, kushikiwa mali, hata kufungwa. Na msidhani miaka kumi na minane humaliza yote: kama kijana bado yuko masomoni au ana ulemavu, mahakama inaweza kuongeza muda wa matunzo.

Lile la "hajalipa, hatamwona mtoto" na "sijamwona mtoto, silipi" nalijibu kwa maneno machache. Ni mambo mawili tofauti, na yote mawili ni haki ya mtoto. Hakimu hatakubali ulipize moja kwa lingine. Hayati Papa Fransisko, katika Furaha ya Upendo ya mwaka 2016, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka. Mtoto anayetumwa Jumamosi kwa baba akiwa amefundishwa maneno ya kumwambia, au anayerudishwa kwa mama akiwa ameulizwa nani hulala pale nyumbani, huyo ni mateka, hata kama amevalishwa nguo mpya.

Kuna bibi wengi huku kwetu wanaolea wajukuu, huku wazazi wote wawili wako Nairobi, kila mmoja na maisha yake. Mama, hata wewe unayemlea mtoto unaweza kwenda mahakamani kudai wazazi wamtunze. Wengi hawalijui hilo, wanauza kuku mmoja mmoja mpaka banda linaisha.

Mnaanzia wapi? Kwa chifu ni sawa, anaweza kuwasuluhisha, lakini chifu hawezi kutoa amri ya ulezi. Nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kazi yake ni pamoja na kuwaketisha wazazi na kuwasaidia kuandika mapatano. Ikishindikana, ndipo mahakama ya watoto, na huko nako kesi nyingi hupelekwa kwanza kwa mpatanishi. Mama asiye na fedha za wakili anaweza kuuliza FIDA, chama cha mawakili wanawake, ambacho kina ofisi Kisumu. Na pale mtoto anapopigwa, ananyimwa chakula au amefichwa, pigeni simu nambari 116, ni bure, wala msingoje mkutano wa jumuiya.

Mkienda, bebeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa kama kipo, risiti za karo na za hospitali, na jumbe za fedha zilizotumwa kwa simu, msizifute. Wewe baba unayetuma, tuma kwa njia inayoacha alama, usimpe kondakta wa matatu bahasha. Na kama cheti cha ndoa kimepotea, au kimebaki kwa mwenzako, njooni ofisi ya parokia mlikofungia ndoa na majina yenu, mwaka, na jina la padre aliyewafungisha mkilikumbuka, tutatafuta katika daftari.