Kipeuo cha Mbili na Uongo Mdogo



Jumamosi huwa nawafundisha hesabu wadogo zetu wa kidato cha pili hapa Kimandolu. Wiki ile tulikuwa kwenye vipeuo. Nikaandika ubaoni: √2 = 1.414, kama ilivyo kwenye jedwali. Binti mmoja akainama, akazidisha 1.414 kwa 1.414, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona naona 1.999396? Siyo 2."

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Wewe andika hivyo hivyo, mtihani unataka hivyo." Wenzake wakacheka. Akakaa chini, na siku hiyo hakuuliza tena.

Usiku, kwenye sala, sura yake ikanirudia. Je, nilidanganya?

Hesabu inasema ndiyo. Tuseme ipo sehemu a/b, iliyorahisishwa hadi mwisho, ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 2. Basi a × a ni mara mbili ya b × b, kwa hiyo a ni shufwa. Ukiendelea kidogo utakuta b nayo ni shufwa. Lakini kama zote mbili zinagawanyika kwa 2, sehemu ile haikuwa imerahisishwa! Maana yake sehemu hiyo haipo kabisa. Desimali za √2 haziishi, wala hazijirudii kwa mpangilio.

Utaniambia: "Sasa fundi anayekata kigae kwa mshazari afanyeje?" Atumie 1.414, na kigae kitakaa vizuri tu. Kukadiria siyo dhambi. Fundi anajua kwamba amekadiria. Kosa langu halikuwa ile 1.414. Kosa lilikuwa alama ya "sawa na" niliyoiweka katikati, halafu nikamnyamazisha aliyeona ukweli.

Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo, na hakuupa ruhusa hata ule unaoonekana mdogo. Zamani nilimwona mkali mno. Siku hizi namwelewa, maana uongo wangu mwingi ni wa kukadiria. Mama ananiuliza chenji, namwambia "imebaki kama elfu mbili hivi" wakati najua ni elfu mbili na mia nane. Hata kwenye kitubio nasema "nilikasirika kidogo", kumbe nilimtukana mdogo wangu mpaka akalia. Naondoa desimali zinazoniumiza, halafu naweka alama ya "sawa na". Lakini Yesu, katika Mathayo 5:37, anatutaka tuwe watu wa neno moja.

Jumamosi iliyofuata nilianza na binti yule. Mbele ya wote nikasema, "Wiki iliyopita wewe ulikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nisamehe." Nikafuta, nikaandika √2 peke yake, nikawaambia hilo ni jibu kamili. Ukitaka desimali, sema wazi kwamba ni makadirio.

Akatabasamu, akauliza, "Na kipeuo cha 4 je, mwalimu?" Darasa likacheka tena, safari hii pamoja naye.

Tafakari: leo ni wapi umeweka "sawa na" mahali pa "karibu na"? Ni nani unapaswa kumrudia umwambie?

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema ukweli wote, hata ule usioisha. Amina.