Kiti cha Usiku Mmoja

Je, mtu anaweza kudai kwamba ni pake mahali ambapo kila alfajiri hana budi kupahama? Ndugu msomaji, usinicheke ukadhani hili ni swali la mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Lipo jiji huko Japani, Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, ambako swali hili limewaumiza watu vichwa kwa miaka mingi, likafika kwa polisi, likafika kwa madiwani, mpaka likatungiwa sheria. Na chanzo chake ni bakuli la tambi.

Mwaka jana nilikaa katika jiji hilo siku tisa na kikundi chetu cha ngoma. Hoteli tuliyofikia ilikuwa mwendo wa robo saa hivi kutoka mto Naka, na kwa kuwa mchana kutwa tulikuwa mazoezini, jioni ndiyo iliyokuwa yetu. Tulikuwa tunatembea tu, mikono mfukoni, maana huko hata kutembea bila shughuli kunashibisha macho. Ukipita kando ya mto mchana unakuta njia ya waenda kwa miguu, basi, hakuna kingine. Jua likianza kuzama anatokea mtu anavuta kibanda cha magurudumu. Anakifungua mbao, ananyanyua paa, anaunganisha maji na umeme, anatundika pazia, anapanga viti. Punde si punde pale palipokuwa patupu pana mkahawa wa watu wanane au kumi. Wenyewe wanauita yatai.

Usidhani kila mtu anajiwekea tu. Sheria ya jiji imepima mpaka ukubwa: upana mita 3, kina mita 2.5. Usitokeze njiani kabla ya saa kumi na moja jioni, na ikifika saa kumi ya alfajiri pawe peupe kama vile hapakupata kuwa na kitu. Samaki mbichi, ambao Wajapani wanasifika kwao duniani kote, pale hupewi. Kila chakula lazima kipite motoni kwanza. Na bei iandikwe ionekane, ili mgeni asije akachunwa.

Chakula chenyewe, jamani! Supu ni ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Tambi ni nyembamba sana, na wembamba huo una sababu yake: mtindo huu ulikulia Nagahama, karibu na soko la samaki, kwa watu wa kazi waliokuwa na haraka, na tambi nyembamba huiva upesi. Ukimaliza tambi na supu ingali imebaki, unaomba nyingine zitumbukizwe mumo humo, nao wanaiita kaedama. Kuna na oden, yaani figili, mayai na maandazi ya samaki wa kusagwa, vyote vinatokota polepole katika sufuria moja pana mbele ya macho yako, nawe unaonyesha kwa kidole unachotaka. Kwa sisi tusiojua lugha yao kidole kilikuwa mkalimani tosha.

Lakini nilichokuja kukiandika si chakula, ni kiti. Pale unakaa bega kwa bega na mtu usiyemjua. Tulipoingia mara ya kwanza mzee mmoja alisogeza bakuli lake bila kuambiwa na mtu, tukapata nafasi. Baadaye wakaja wengine wakasimama nje ya pazia. Mzee yule akameza funda lake la mwisho, akalipa, akainuka. Dada mmoja mwanafunzi aliyekuwa akitufasiria akatuambia, "Kaka zangu, hapa ukishashiba unampisha mwenzio. Hawakufukuzi, ila mwenyewe unajua."

Wapo katika kundi letu walioona huo ni uchoyo. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hasukumwi, ukiinuka mwenyeji anakuuliza, "Mbona mapema hivyo?" hata kama moyoni anakuombea uende. Mimi sikuona uchoyo. Nyumbani kwa mtu nafasi ni ya mwenyeji, naye ana haki kuigawa apendavyo. Lakini pale kando ya mto nafasi si ya mwenye kibanda wala si ya mlaji. Ni njia ya watu wote, iliyoazimwa kwa saa chache. Mpishi ameazima kwa jiji, na mimi nimeazima kwa mpishi. Sasa mwazimaji akijitandaza kana kwamba amerithi, aliyebaki amesimama nje atamdai nani?

Hapo ndipo hadithi inapokuwa ngumu, maana wenye vibanda nao wana historia. Tarehe 19 Juni 1945 Fukuoka lilipigwa mabomu ya ndege likaungua. Vita vilipokwisha, bandari yake ya Hakata ikapokea zaidi ya Wajapani milioni moja waliorudishwa kutoka ng'ambo, wengi wao bila nyumba wala mtaji. Wengine walishika njia, wakapika. Hakuna aliyewauliza kibali kwa sababu kila mtu alikuwa na njaa. Katika miaka ya 1960 vibanda vilizidi 400. Kisha jiji likatajirika, nao watu waliokwisha kushiba wakaanza kuona moshi, maji machafu, kelele, na njia isiyopitika. Mimi siwabezi. Mtu anayelala ghorofa ya pili juu ya walevi naye ana haki yake ya usingizi.

Katikati ya miaka ya 1990 polisi wa mkoa wakasema hakuna kibanda kipya. Mwaka 2000 jiji likaandika mwongozo kwamba kibanda ni cha uhai wa mtu mmoja, hakiuzwi wala hakirithiwi ovyo. Mlango wa pekee uliachwa kwa mwenzi au mtoto aliyekuwa akikitegemea kwa riziki. Hebu fikiria maana yake: hawakuvunja kibanda hata kimoja, walingoja tu wenyewe wafe. Kwangu mimi huo ni ukatili wenye adabu. Heri mgambo wa kwetu anayekuja na rungu, angalau unamwona usoni.

Namshukuru aliyebadili mawazo. Sheria ya mwaka 2013 ilikubali kwamba yatai ni mali ya jiji zima, ikafungua mlango kwa mashindano: leta maombi, eleza utapika nini na utaitunzaje njia. Walioteuliwa wakaanza kupika mwaka 2017, na mmoja wao ni Mfaransa. Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya dunia amepewa mita zake 3 kwa 2.5, kwa masharti yale yale. Leo vibanda ni kama mia moja hivi.

Lakini sheria hiyo hiyo ikakamata jambo jingine. Kwa kuwa vibali vipya vilikuwa vimefungwa, wenye vibali vya zamani walikuwa wakiwakodisha wengine majina. Mmoja ana karatasi, mwingine ana jasho. Jiji likasema basi: aliyeandikwa ndiye apike. Wale wa jina la kukodi wakapewa muda, kisha waombe kama mtu mwingine yeyote.

Kumkomesha mwenye jina ni haki kabisa, naliunga mkono jiji bila kigugumizi. Alikuwa anakodisha njia ya watu wote kana kwamba ni chumba cha baba yake. Ila mpishi je? Huyu ndiye aliyevuta kibanda kila jioni, mvua na baridi, akawatii majirani, na wateja wanamjua kwa sura. Kosa lake ni kuingia kwa mlango wa nyuma wakati wa mbele ulikuwa umepigwa misumari na wakubwa wenyewe. Kumwadhibu sawasawa na yule aliyekaa nyumbani akipokea kodi, hapana, hapo sikubaliani.

Sisemi apewe nafasi bila kushindana. Kama kiti ni cha kuazima kwangu mimi mla tambi, na kwake ni cha kuazima vile vile. Ninachotaka ni miaka yake ihesabiwe. Anayeomba kwa mara ya kwanza anaahidi kwamba ataiacha njia safi kila alfajiri. Yule mpishi alikwisha kuiacha safi mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, ila karatasi iliandika kwamba aliyesafisha ni mtu mwingine.