Je, Sauti Iliyosahihishwa ni Uongo?

Siku hizi vijana wetu wengi hawangoji kwenda studio mjini ili wanase nyimbo zao. Simu, maikrofoni ndogo, kompyuta, na programu kama Audacity ambayo hutolewa bure, vyatosha. Huning'iniza mablanketi ukutani, kwa kuwa kuta tupu hurudisha sauti, na wimbo husikika kana kwamba umeimbwa ndani ya pipa. Huomba mvua isinyeshe juu ya bati, kisha hungoja jogoo wa jirani anyamaze. (Jogoo hana habari na muziki wa mtu.) Kijana mmoja aweza kuimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, akazichanganya, nasi tukasikia kwaya nzima.

Baadhi ya Wakristo wenzetu wauliza: je, hiyo si hila?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1941 Sidney Bechet, mpiga klarineti na saksofoni wa Marekani, alipiga ala sita peke yake, akizinasa moja juu ya nyingine. Lakini santuri ile ilitolewa kwa jina lililosema wazi kwamba hii ni bendi ya mtu mmoja. Basi hakudanganywa mtu.

Neno gumu zaidi lilikuja mwaka 1997, ilipotoka programu iitwayo Auto-Tune. Aliyeitunga, Andy Hildebrand, hapo kwanza alikuwa akitumia hesabu za namna hiyo kupima mitikisiko ya ardhi katika kutafuta mafuta. Kwa programu hiyo, sauti iliyoshuka chini ya noti huvutwa juu mpaka mahali pake. Aliyeikosa "so" huipata "so" bila kuiimba. Sisi tuliofundisha shule twajua tofauti iliyopo kati ya kumsahihisha mwanafunzi na kumfanyia hesabu. Mwanafunzi aliyesahihishwa hurudia mwenyewe. Aliyefanyiwa hupewa alama zisizo zake, na siku ya mtihani huumbuka. Ndivyo ilivyo kwa mwimbaji atakaposimama mbele ya usharika bila mashine.

Hata hivyo, tusiwavunje moyo vijana hawa, maana kuchanganya sauti kuna mafundisho yake. Anayeanza, asiposikia gitaa, huliongeza. Ngoma ikifunikwa, huiongeza nayo. Kisha huongeza sauti yake mwenyewe, hiyo hasa, mpaka vyote vinapasuka na kukwaruza. Aliyekwisha kuzoea hupunguza. Akitaka besi isikike, hushusha kinachoifunika. Walimu wa kwaya wamelisema jambo hilo miaka mingi, na besi zetu bado hupiga kelele.

Lakini kuna upungufu ambao mablanketi hayauzibi. Sauti zile nne ni za mtu mmoja: hazichelewi mazoezi, hazinuni, wala hazifiwi. Hakuna wa kumgusa bega na kumwambia, "Ndugu, umepanda." Mama anayeuguza mgonjwa nyumbani, asiyeweza kuja mazoezini, na aimbe hivyo kwa furaha. Kijana aliye na afya, anayeikimbia kwaya kwa sababu waimbaji wenzake wanamchosha, huyo twamwonea mashaka, hata wimbo wake ukiwa mtamu kiasi gani. Na wimbo wake ukipigwa kanisani, haki ni kwamba tuambiwa ni mtu mmoja aliyeimba, kama Bechet alivyofanya.

Kuna jamaa wengine walio na kanda za zamani, ambamo baba au babu aliyekwisha kulala katika Bwana anaimba. Vijana wa nyumbani waweza kuihamishia kanda kwenye kompyuta na kuisafisha, na programu hizo zaweza kuondoa mchakacho wa kanda, na kikohozi cha mzee kati ya ubeti na ubeti, na kuinyosha ile noti ya juu aliyokuwa haifikii kila Jumapili. Je, waondoe vyote? Kwa maoni yetu, mchakacho ni wa mashine, na uondoke. Kikohozi ni cha mzee. Na noti ile, wote waliokaa karibu naye kanisani waliijua, nao wangeitafuta katika kanda wasiione.