Mgongo wa Pili

Mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliihesabu kuwa ni maneno ya kupambia hotuba za harusini. Niliielewa usiku mmoja wa Julai hapa Mkonze, Dodoma, upepo wa kipupwe ukitikisa mabati. Mke wangu alikuwa amempakata Kulwa, mimi nimesimama katikati ya chumba na Doto kifuani, na wote wawili wanalia. Wahenga walimtaja mwana mmoja tu.

Kulwa na Doto ni majina ya mapacha kwa Wanyamwezi na Wasukuma: wa kwanza kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto. Mke wangu ni wa Tabora, kwa hiyo majina hayakuhitaji kikao. Walizaliwa Juni, wiki nne kabla ya siku zao. Kulwa alikuwa na kilo 2.6, Doto 2.1. Mtoto anayezaliwa chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, kwa hiyo nesi alitufundisha kumlaza Doto kifuani, ngozi kwa ngozi, khanga na blanketi juu yake. Njia hiyo, inayoitwa kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipopungukiwa na mashine za kuwapa joto watoto njiti. Nesi akaongeza neno ambalo sijalisahau: kifua cha baba nacho kinafaa.

Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Wetu walikuwa wawili, na wamefanana kama punje za mtama. Mke wangu alimfunga Doto kiuzi chekundu mguuni, nasi tukaweka daftari la kuandika nani amenyonya na saa ngapi. Tulianza kuandika baada ya usiku ambao Kulwa, mwenye sauti kubwa, alinyonya mara mbili mfululizo na Doto akalala njaa, sisi tukiamini kila mmoja amepata chake. Asubuhi tulipogundua, mke wangu alilia. Nami nilijifunza kwamba katika nyumba yenye watoto wawili, haki haiji yenyewe kwa sababu tu wazazi wana upendo. Inabidi kumwangalia zaidi asiyelia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya malipo ya siku 84. Akijifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, ni siku 100. Baba anapata siku 3. Ninaiheshimu sheria iliyokumbuka kwamba mapacha wapo. Lakini siku tatu zangu zilikwisha, na mama mkwe, baada ya wiki sita, alilazimika kurudi Tabora kumuuguza babu. Mke wangu akabaki peke yake mchana kutwa, ndani ya geti, katika mtaa ambao wengi wetu ni wageni. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini sisi tumo katika wimbi la waliohamia Serikali ilipoanza kuhama kweli mwaka 2016. Tulijenga kuta kabla ya kujuana majina.

Aliyegonga geti ni bibi mmoja Mgogo, mzaliwa wa hapahapa, aliyelima uwele katika ardhi hii kabla haijapimwa viwanja. Alikuwa amesikia vilio viwili kwa pamoja. “Mbukwenyi!” akasalimu kwa Kigogo, akaingia. Hakuuliza asaidie nini. Alifungua khanga yake, akainama, akamweka Doto mgongoni, akakaza fundo kifuani.

“Mama ana mgongo mmoja, mwanangu,” akamwambia mke wangu. “Wa pili ulitaka utoke wapi?”

Akawa anakuja kila siku. Mwisho wa wiki nilimtilia shilingi elfu kumi mkononi. Hakusema kitu. Alipoondoka niliikuta noti chini ya kikombe chake cha chai, na kesho yake hakuja. Nilimfuata kwake jioni.

“Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba radhi.”

“Marahaba. Mgongo haukodishwi, Baba Kulwa.”

Nimeliwaza sana neno lile. Anayeajiriwa kulea anastahili mshahara wake, tena kwa wakati. Ila bibi hakuwa ameajiriwa. Alikuwa amejifanya ndugu, na mimi kwa noti ile nilimrudisha nje ya geti. Tangu hapo tulijifunza kupokea. Siku za mgao wa maji, ndoo zake zinajazwa kwenye simtanki letu, na hakuna anayehesabu.

Kulwa alijigeuza akiwa na miezi minne. Doto alifika mwezi wa tano bila dalili. Wageni waliuliza, “Yupi mwerevu?” mbele ya watoto wenyewe. Nesi alitukumbusha kuwahesabia umri kuanzia siku waliyotarajiwa kuzaliwa, na kumpima kila mmoja kwa kadi yake. Bibi alisema kwa lugha ya shamba: uwele hutangulia, mtama hufuata, na ghala hupokea vyote. Doto alijigeuza mwezi wa sita, siku ambayo hakuna aliyekuwa akimtazama.

Machi, mapacha walipotimiza miezi tisa, tulikwenda kliniki kwa chanjo ya surua na rubella, bibi akitusindikiza. Doto alipochomwa sindano alipiga yowe, akaipita mikono ya mama yake, akaipita yangu, akanyoosha vidole kuelekea mgongo wa bibi. Nilimwona mke wangu akimeza mate, machozi yakimlengalenga. Kisha akaitandaza khanga mwenyewe, akamweka mwanawe mgongoni kwa bibi na kumsaidia kufunga fundo.

Tulirudi kwa miguu kati ya mashamba ya mtama mbichi. Doto alikuwa mgongoni kwa bibi, Kulwa mgongoni kwangu, na mke wangu alitangulia mbele yetu, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu Juni.