Jumanne: Sifa Yenye Mwiba

Soma 1 Samweli 1:1–8. Maneno ya Penina yalimfanyia nini Hana, na yalisemwa wakati gani?

Penina aligusa jambo la mwili wa mwenzake: tumbo lisilopata mtoto. Alimchokoza mwaka baada ya mwaka, tena wakati familia ilipokwenda Shilo kuabudu. Hana alilia, akashindwa kula. Alifika mbele za Mungu na moyo uliopondeka, kwa sababu ya ulimi wa mwanamke aliyeishi naye nyumba moja.

Penina alichokoza waziwazi. Siku hizi mwiba huohuo mara nyingi huvikwa sifa. Chukua mfano wa wanakwaya wa Kigamboni wanaojaribu sare mpya kwa fundi. Mmoja anamwambia rafiki yake: "Dada, umependeza! Gauni hili limeficha tumbo lote." Wote wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Sabato inayofuata hayupo kwenye kwaya. Akiulizwa, anasema ana mafua. Ukweli ni kwamba kila akijitazama kwenye kioo haoni gauni tena, anaona tumbo.

Wanawake wa pwani wanaijua vizuri lugha ya mafumbo. Hata maandishi ya kanga hutumika kumfikishia mtu ujumbe. Nguvu ya fumbo ni kwamba msemaji anaweza kulikana: "Jamani, si nimekusifia?" Lakini Mithali 26:18, 19 haikubali utetezi huo. Anayemhadaa mwenzake kisha akasema ni mzaha analinganishwa na kichaa mwenye silaha mkononi. Mshale huumiza hata kama aliyeurusha alikuwa anacheka.

Sifa ya kweli haihitaji kasoro ya kuegemea. "Umependeza" inatosha. Zaburi 139:14 inamsifu Mungu kwa jinsi alivyomuumba mwanadamu. Anayeufanyia mzaha mwili wa mwenzake anaidharau kazi ya Muumba.

Aliyechomwa naye ana njia. Asilipize kwa fumbo lingine, wala asilipeleke neno kwa wengine. Amwendee dada huyo wakiwa wawili tu (Mathayo 18:15), amwambie wazi: "Neno lile liliniumiza." Huenda msemaji hakujua. Akisikia na kutubu, urafiki unapona, na kwaya inampata tena mwimbaji wake.

Je, kuna mtu ambaye sifa yako ilimwachia jeraha? Utamwambia nini kabla ya Sabato ijayo?