Perturbatio: Moyo Ukigeuka Stendi



Kijana mwenzangu, mara tu baada ya Baba Yetu kwenye Misa, padre husali sala fupi ambayo wengi tunaipita tu, akili ishafika kwenye kutakiana amani. Kwa Kilatini, pale tunaombewa tuwe salama na kila "perturbatio". Hebu tukae kidogo na neno hili.

Shina lake ni turba, yaani umati wenye ghasia, kama stendi siku ya kuamkia sikukuu. Per inaongeza nguvu: kuvurugwa kabisa. Basi perturbatio ni moyo uliogeuka stendi. Matokeo ya mtihani yanaita, ajira inaita, mchumba hajajibu meseji tangu juzi, na wewe hujui umsikilize nani.

Cicero alitumia neno hili kwa kile Wagiriki walichokiita pathos. Wastoa walifundisha kwamba mwenye hekima hatakiwi kuwa nacho kabisa. Hata leo tunaambiana hivyo: una wasiwasi, basi huna imani. Mtakatifu Augustino, katika Mji wa Mungu, aliwajibu kwa kumtaja Yesu mwenyewe, aliyemlilia Lazaro. Tena soma Yohane kwa Kilatini: sura ya 11 na ya 12 zinasema Yesu alifadhaika, kwa kitenzi turbare, kutoka shina lilelile. Sura ya 14 ndipo anawaambia wanafunzi wasifadhaike. Anayetutuliza alishapita humo. Kuhisi msukosuko si dhambi.

Ila umati hauna haki ya kuhamia moyoni. Katika Mathayo 9, nyumbani kwa kiongozi aliyefiwa na binti, Yesu anakuta watu wakipiga kelele. Kilatini kinawaita turba. Hawagombezi wenye nyumba. Umati unatolewa nje kwanza, ndipo anaingia na kumshika binti mkono.

Jumapili hii, sala ile ikifika, usiombe kwa jumla jumla. Mtajie Yesu kelele moja, kwa jina lake, na umwachie aitoe.

Na kama kelele zimekukesha siku nyingi, hulali, huli, usikae nazo peke yako. Mwambie mzazi, padre au daktari. Hata yule kiongozi hakungoja ndani. Alitoka, akaenda kuomba msaada.